Kuzuru nyumba zilizogeuzwa sanaa pembeni mwa Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikituma picha za ile njia ya vigae vya rangi kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, maswali ni yale yale: ni wapi huko, ni pesa ngapi, kuna simba? Nimewahi kuwapeleka wageni wa kila aina, kuanzia shangazi yangu aliyetoka Kakamega hadi darasa zima la watoto wa shule ya Jumapili. Sehemu kubwa ya majibu haya niliyapata kwa kupotea njia.

Unazungumzia nyumba gani hasa?

Ni mbili. Ya kwanza ni Kitengela Glass, makao ya mafundi wa kioo aliyoyaanzisha Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, zaidi ya miaka 40 iliyopita kwenye ukingo wa bonde la mto Mbagathi. Huko hakuna ukuta ulioachwa mtupu. Vijumba vina mabega ya mviringo kama vichuguu, benchi zimevishwa vigae, na hata kijia cha kwendea chooni kimepambwa. Ya pili ni African Heritage House, nyumba ya Alan Donovan karibu na Mlolongo, iliyojaa sanaa za Afrika kuanzia sakafuni hadi darini.

Watu huzichanganya sana. Niziweke hivi: ya kwanza msanii ameichora nyumba mpaka ikawa yeye mwenyewe, ya pili mkusanyaji amelileta bara zima kuishi naye. Ukiwa na siku moja tu na unawapenda mafundi, nenda kwa kioo. Kama unapenda hadithi za vitu, nenda Mlolongo.

Hivi hiyo ni Nairobi kweli?

Kwa ramani, hapana. Kitengela Glass iko Kaunti ya Kajiado, na Mlolongo iko Machakos. Lakini mwulize mtu yeyote wa Rongai, mji wa Kajiado ulio jirani, anafanya kazi wapi, atakwambia "Nairobi", na akilala atakwambia amelala Nairobi. Nyumba zote mbili zinapakana na Mbuga ya Nairobi, kila moja upande wake. Basi tusibishane.

Ni makumbusho au ni nyumbani kwa mtu?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu aniulize kabla hajapanda gari, maana asiyeliuliza ndiye huniaibisha.

Mjini tuna nyumba za makumbusho. Ya Karen Blixen, kwa mfano, mwenyewe aliondoka miaka ya 1930, nawe unapita nyuma ya kamba ukitazama kitanda ambacho hakuna atakayekilalia tena. Kitengela si hivyo. Kuna watu wanaopika, nguo zimeanikwa, kuna punda, kuna fundi anayekula githeri chini ya sanamu ya saruji yenye macho ya kioo. Mlango ulio wazi haumaanishi umekaribishwa. Piga hodi. Usiposikia "karibu", subiri.

Niliwahi kwenda na rafiki mmoja aliyefungua mlango mzuri wa bluu akidhani ni chumba cha maonyesho. Kilikuwa chumba cha mtu, na mtu alikuwemo. Aliyeombwa radhi alicheka, lakini mimi sikucheka mpaka tulipofika Rongai.

Nifikeje Kitengela Glass bila gari?

Kwanza, kosa ambalo nusu ya watu hulifanya, nami nililifanya: usipande gari la Kitengela. Jina linadanganya. Ukipanda matatu ya Kitengela utashushwa katika mji wa Kitengela, kwenye barabara ya Namanga, na utakapouliza "kioo" utaelekezwa kwa fundi wa madirisha. Mimi nilifika kwa huyo fundi. Alikuwa mtu mzuri sana, na akaniuzia kioo cha kujitazamia.

Unachotaka ni matatu ya Ongata Rongai, namba 125, au 126 ya Kiserian inayopitia hapo hapo. Utazipata mjini kwenye steji ya Railways. Gari litashika barabara ya Lang'ata, kisha Magadi. Na usilalamike kuhusu muziki: magari ya Rongai yamechorwa ndani na nje, yana taa za zambarau na sura za wanamuziki mgongoni, kwa hiyo ziara yako ya sanaa imeanza hapo kwa bei ya nauli.

Ukifika Rongai, chukua bodaboda na umwambie "Maasai Lodge", hoteli ya jirani. Ukimwambia "Kitengela Glass" wengine watakuzungusha ili nauli ipande. Patana kabla ya kupanda, na umwombe namba yake ya simu, kwa sababu jioni kule hakuna pikipiki zinazosubiri abiria. Pikipiki itakuacha upande wa huku wa korongo. Upande wa pili unafika kwa miguu yako, juu ya daraja la kuning'inia.

Kwa gari la kibinafsi kuna njia ya kuzunguka mpaka upande wa pili, lakini ni ya vumbi na mawe. Mvua ya Aprili ikinyesha, ule udongo mweusi hauna huruma. Gari dogo likinasa hapo utalikomboa kwa trekta.

Naogopa daraja. Je, ni lazima?

Linayumba, sitakudanganya. Chini kuna korongo lenye mawe na mto Mbagathi, ambao kiangazi ni funda la maji tu. Shangazi yangu alifika katikati akakaa. Hakusimama, alikaa kabisa, akashika kamba kwa mikono miwili na kuanza kuimba wimbo wa kanisani. Fundi mmoja alitoka upande wa pili, akamwambia, "Mama, usiangalie chini, niangalie mimi," akarudi kinyumenyume pole pole huku mama akimfuata. Tangu hapo kila anayeogopa mimi humwambia: tazama mtu, usitazame mto. Piteni mmoja mmoja au wawili, na asiwepo wa kulitikisa kwa mzaha. Ukishindwa kabisa, hapo ndipo ile njia ya gari inapokufaa.

Kuna simba?

Mbuga ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946 na ina kilomita za mraba zipatazo 117. Pande tatu zina ua, lakini upande wa kusini, ule wa mto, umeachwa wazi ili wanyama watoke na kurudi kufuata malisho. Kwa hiyo ndiyo, wanyamapori hupita upande huo, na wafugaji wa huko wanajua gharama yake. Mchana, ukiwa njiani na wenzako, utakaowaona ni tausi na mbuzi. Usiku usitembeetembee peke yako. Si kwa sababu ya sanaa.

Twende siku gani na saa ngapi?

Piga simu kwanza, siku zote. Tanuri la kuyeyushia kioo haliwashwi kwa ajili yako, na kuna majuma linalala kabisa kwa matengenezo. Ukifika siku kama hiyo utaona vitu vilivyokwisha tengenezwa, ambavyo ni vizuri, lakini utakuwa umekosa moyo wa mahali.

Mimi hupenda kufika saa nne asubuhi, mafundi wakiwa katikati ya kazi, na kubaki mpaka saa kumi hivi. Saa hiyo jua limelala upande, na zile kuta zilizopachikwa vioo vinene zinaanza kumwaga rangi sakafuni. Nimemwona mtoto wa miaka minne akijaribu kuliokota doa jekundu kwenye simiti. Aliliokota mara tatu. Mara ya nne akaweka mguu juu yake ili lisitoroke.

Kioo chenyewe kinatoka wapi?

Kwenye takataka zetu. Vioo vya madirisha vilivyovunjika, chupa, mabaki ya kila namna. Hapo ndipo penye somo la fundi, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kuna kazi za aina mbili kubwa, na karakana pia ni mbili, za majirani. Upande wa Nani ndiko kwenye vigae, shanga na vioo vya kupachika. Vile vinene unavyoviona ukutani ni mabamba ya kioo yenye unene wa inchi moja hivi. Fundi hulipasua bamba kwa nyundo, kisha hubandua kingo zake makusudi ili ziwe na magamba. Ukikigusa kipande unakiona kama kina makosa, lakini yale magamba ndiyo yanayonasa mwanga na kuurusha huku na huku. Kisha vipande hupangwa na katikati yake humiminwa saruji. Kwa hiyo dirisha halina fremu ya mbao. Ni ukuta unaopitisha jua.

Upande wa mwanawe, Anselm Croze, ndiko kwenye kupuliza. Kioo huyeyushwa katika joto linalopita nyuzi 1,000, na moto wake hulishwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Fundi huchovya bomba refu la chuma tanurini, akatoka nalo likiwa na donge la rangi ya chungwa linalotaka kudondoka kama asali. Hatulii nalo. Analizungusha, analizungusha, maana akisimama tu linaanguka upande mmoja. Anapuliza pumzi fupi, si kama anayepuliza baluni, bali kama anayepoza uji wa mtoto. Mwenzake anakuja na gazeti lililolowa maji, analikunja kiganjani na kulisukuma donge kwa mkono huku moshi ukitoka. Mazungumzo yao ni ya maneno mawili matatu: "leta", "geuza", "basi".

Gilasi ikishaumbwa haiwekwi mezani ipoe. Ikipoa ghafla, nje hukaza kabla ya ndani na kitu kizima hupasuka, wakati mwingine kesho yake kikiwa rafuni. Huingizwa kwenye tanuri jingine lenye joto la nyuzi 500 hivi, na joto hilo hushushwa pole pole usiku kucha. Ndiyo sababu ukiwaambia "nataka hiyo niliyoiona ikitengenezwa", jibu ni kwamba urudi kesho.

Naruhusiwa kugusa?

Kuta, benchi, sanamu za nje: gusa, kalia, egemea. Watoto hupanda juu ya sanamu na hakuna anayepiga kelele. Karakanani, usiguse chochote. Kioo cha moto na kioo baridi vinafanana kabisa kwa macho. Huo si utani. Mafundi wenyewe hukipitishia mkono karibu kwanza bila kukigusa.

Mlolongo, mikono nyuma. Vitambaa vya zamani haviwezi jasho la wageni.

Nivae nini?

Viatu vya kufunika vidole. Njiani na chini ya meza kuna vipande vya kioo, na ndara hazizuii kitu. Kofia pia.

Kiingilio ni pesa ngapi?

Bei hubadilika, kwa hiyo sitaandika hapa namba ambayo kesho utanishikia shati. Uliza ukipiga simu, na uulize yote kwa pamoja: kuingia, kuvuka daraja, kuwatazama mafundi, na kujaribu kupuliza mwenyewe kama unataka. African Heritage House haipokei mtu aliyejitokea tu langoni, lazima uweke miadi, na bei yake ni ya juu kuliko ya Kitengela.

African Heritage House ina nini cha ajabu?

Usimame nje kwanza. Watu hukimbilia ndani, na nje ndiyo nusu ya hadithi. Rangi yake ni ya udongo, minara yake ina ncha za mviringo, na anayeufahamu Msikiti Mkuu wa Djenné nchini Mali atautambua mara moja, ule uliojengwa upya mwaka 1907 na ambao wenyeji huupaka udongo upya kila mwaka ili usiyeyuke na mvua. Ukizunguka upande wa pili utakutana na mkono wa pwani yetu: milango ya kuchongwa ambayo mtu wa Lamu angeipita bila kushangaa.

Donovan alikuwa Mmarekani aliyefika Nigeria miaka ya 1960 kwa kazi ya misaada, akaiacha, akasafiri na kufika Kenya mwaka 1970. Turkana ndiko kulikomnasa. Alikusanya vigoda vya kichwa, vibuyu, mikufu, vyombo vya maziwa, vitu ambavyo wengi wetu tuliviona kwa bibi zetu tukavionea haya. Ndani ya nyumba vimewekwa kama vitu vya kutumiwa, si kabatini. Unatembea juu ya nakshi, unakaa karibu na kitambaa cha Mali au cha Wakuba wa Kongo, na dirisha likifunguliwa unaona mbuga yote imetandikwa mbele yako, reli ikipita kati yenu.

Hiyo reli nusura iwe mwisho wa nyumba. Reli mpya ya SGR ilipokuwa ikipangwa, kulikuwa na hofu kwamba ingepita hapo hapo. Mwaka 2016 nyumba ikatangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali kuwa turathi ya kulindwa. Donovan alifariki Desemba 2021. Kwa hiyo swali la mwenyeji ni nani hapa lina uzito wake: unapokelewa, unatembezwa vizuri, lakini aliyekuwa akisimulia "hiki nilikipata hivi" hayupo. Mimi naona pengo hilo. Wengine husema halionekani.

Kila mtu huko anamtaja Murumbi. Ni nani?

Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, mwaka 1966. Alikaa miezi michache tu akaachia ngazi. Baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai, na alikuwa mpenzi wa vitabu na sanaa kwa kiwango ambacho siasa haikukiweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye, mkewe Sheila na Donovan walianzisha African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa za bara zima, ambalo nyumba ya Mlolongo imerithi jina lake.

Murumbi naye alikuwa na nyumba yake, Muthaiga, iliyojaa vitu hivi hivi. Serikali iliinunua pamoja na mkusanyiko wake miaka ya 1970, na wengi walitarajia iwe kituo cha masomo ya Afrika. Ilibomolewa. Ukishajua hilo, lile tangazo la 2016 unalisoma kwa jicho jingine.

Sina siku nzima. Kuna cha kuona mjini?

Kipo, na watu hukipita kila siku wakikimbilia gari. Lile jengo la Kumbukumbu za Kitaifa kwenye Moi Avenue, pale kila mtu huambiana "tukutane Archives", ghorofa yake ya chini ina mkusanyiko wa Murumbi. Hao wanaokutana mlangoni kwake hawaingii. Kisha nenda City Park: Murumbi, aliyefariki mwaka 1990, alizikwa huko karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa Februari 1965. Kaburi la Murumbi limezungukwa na sanamu za mawe. Utakuta na tumbili, funga mkoba.

Naweza kupiga picha?

Kuta na sanamu, piga. Watu, omba. Fundi anayepuliza hawezi kukujibu kwa kuwa mdomo wake uko kwenye bomba, kwa hiyo mwombe kabla. Na usimwambie "rudia ile". Kioo hakirudii. Wanaokuja na gauni la harusi na mpiga picha wake ni kundi jingine. Hao wana mapatano yao na ofisi.

Nikinunua gilasi, itafika nyumbani nzima?

Watakufungia kwa magazeti. Beba sweta moja ya ziada uizungushie, panda kiti cha mbele kando ya dereva, na ushike mfuko mapajani. Usimwachie makanga aurushe nyuma. Nimebeba hivyo gilasi sita kutoka Rongai hadi Kasarani, zikafika sita. Ya saba niliivunja mwenyewe nikiiosha.

Naweza kufanya kitu kama hicho kwangu?

Unaweza, na huhitaji tanuri. Omba vigae vilivyovunjika kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, huvitupa. Vunja zaidi ndani ya gunia, si nje, ili vipande visiruke machoni. Panga kwanza chini bila gundi, ukiridhika ndipo ubandike, na uache nafasi ndogo kati ya kipande na kipande ya kujazia simiti nyeupe. Futa kwa sponji kabla haijakauka. Ukichelewa utafuta kwa patasi.

Ila kama umepanga, ongea na mwenye nyumba. Mimi sikuongea. Nilipamba ukuta wa nje wa jikoni kwa sahani za mama zilizovunjika wakati wa kuhama, zile za maua ya bluu, na nilipoondoka akanikata pesa zote za depositi kwa "kuharibu ukuta". Mwaka uliopita nilipita pale. Ukuta bado upo vile vile, mpangaji mpya ameweka kiti mbele yake, na pembeni mtu ameongeza vipande viwili vya kijani ambavyo si vyangu.